Maji ya Magotini, Lakini Magoti ya Nani?

Mama mmoja wa Njiro, jijini Arusha, ameuliza swali linalostahili jibu refu kuliko alivyodhani. Siku ya mapumziko alikwenda na mumewe na watoto wao wawili kutazama maporomoko ya Napuru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Njia ya kuyafikia hushuka hadi kwenye korongo, na humo ndani mto wenyewe ndio njia. Wakavuka kwenda kushoto, wakavuka kurudi kulia, wakavuka tena. Kila walipofika kivukoni, kijana aliyewaongoza alimshika mkono mtoto wa miaka minane na kumkataza kuvuka peke yake, ingawa maji yalikuwa ya magotini tu na yanaonekana hadi chini. Mtoto alinuna. Mama akabaki na swali: kijana yule alikuwa na sababu, au ni uangalifu uliopitiliza?

Jinsi Meru ilivyozaliwa na volkano, na jinsi ubavu wake wa mashariki ulivyobomoka na kuacha kovu linaloonekana hadi leo kwa anayesimama Momella, ni mambo ambayo watoto wa Arusha huyasoma shuleni, na makala haya yanayaruka. Linalohitajika hapa ni moja tu. Mlima wenye zaidi ya mita 4,500 umesimama juu ya jiji lililo kwenye mita 1,400 hivi, na kati yao hakuna tambarare ya kuyapunguza maji mwendo. Themi, Naura, Goliondoi na wenzao hushuka moja kwa moja, wakichimba majivu ya kale ya volkano ambayo hukatika kwa urahisi, na ndiyo maana makorongo ya Meru ni membamba, yenye kuta zilizosimama wima.

Anayetaka korongo la jangwani badala ya haya ya mlimani itambidi aende mbali zaidi, hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron, ndani ya mkoa huohuo wa Arusha. Huko jua linachoma, miamba imekauka, na katikati ya ukame huo mto unashuka kutoka nyanda za juu, nao wageni huuvuka mara kwa mara wakiongozwa na vijana wa Kimaasai hadi kwenye maporomoko. Engare kwa Kimaa ni maji. Neno hilohilo limo ndani ya Ngare Nanyuki, maji mekundu, upande wa pili wa Meru, na limo ndani ya jina lililozaa Nairobi, Enkare Nairobi, maji ya baridi. Korongo la Engare Sero na la Napuru hayafanani kwa sura, lakini mguu wa mtoto ukiingia majini, fizikia ni ileile.

Na fizikia hiyo ni tamu. Fikiria siku ya kuhama. Kabati la mninga la milango mitatu, lililojaa nguo, limesimama sebuleni Sakina na linatakiwa liende Kwa Mrombo. Wameitwa vijana wawili. Wa kwanza anasukuma ubavuni, kabati halitikisiki. Nguvu anazo, ila uzito wa kabati umeikandamiza miguu yake sakafuni, na msuguano unamkatalia. Ndipo wa pili anainama, anapitisha vidole chini ya ukingo na kuinua kidogo. Hainui hadi hewani; anapunguza tu mzigo ulioegemea sakafu. Papo hapo msukumo uleule uliokuwa unashindwa unalitelezesha kabati hadi mlangoni. Ikiwa kuna mtu aliyemwaga maji ya sabuni sakafuni, kijana wa pili hana haja hata ya kujichosha.

Mto ni vijana wale wawili wakifanya kazi kwa wakati mmoja, na sakafu yake imeshamwagiwa sabuni. Utando wa mwani juu ya mawe ndiyo sabuni. Kijana anayeinua ni ile kani aliyoieleza Arkimedi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichozama husukumwa juu kwa kiasi cha uzito wa maji kiliyoyaondoa. Kijana anayesukuma ni mkondo. Watu wengi humwogopa huyu wa kusukuma peke yake na kumsahau mwenzake, kwa sababu anayeinua hafanyi kelele wala hatoi povu.

Hebu tumweke mama wa kilo 60 mtoni na tuhesabu. Maji yakimfika magotini, kina cha sentimita 45 hivi, miguu yake miwili inaukinga mkondo kwa eneo la karibu sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Mkondo ukienda mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, msukumo ni kama uzito wa dumu la lita 5. Mkondo ukienda mita mbili kwa sekunde, msukumo haupandi kuwa madumu mawili. Unakuwa ndoo kamili ya lita 20. Ukifika mita tatu, ni kilo 45, karibu mfuko mzima wa saruji unaoegemea miguu kutoka ubavuni. Kina hakijaongezeka hata kwa upana wa kidole.

Kwa nini mara nne badala ya mara mbili? Wazia umati unaotoka uwanja wa Sheikh Amri Abeid baada ya mechi, nawe umesimama langoni. Umati ukiongeza mwendo mara mbili, kila sekunde watakaokugonga ni mara mbili ya wale wa kwanza, na kila mmoja wao atakugonga kwa nguvu mara mbili. Mbili kwa mbili ni nne. Maji nayo ni umati, ila wa matone.

Sasa kijana anayeinua. Magotini, maji humpunguzia mama yule kilo kama 7 tu, akabaki na 53 za kukandamiza mawe. Kiunoni, miguu hubaki ikibeba takriban nusu ya uzito wake. Kifuani, hubaki theluthi moja. Watibabu wa viungo wanaufahamu vizuri upunguzaji huu na huutumia kwenye mabwawa ya mazoezi kwa wagonjwa wa magoti, kwa kuwa majini mgonjwa hutembea bila kuumia. Huruma ileile ya maji kwa goti bovu ndiyo inayomnyang'anya mvukaji wa mto mshiko wa nyayo zake.

Tuwaunganishe wawili hawa. Juu ya jiwe lenye utelezi, tuseme nyayo hushika kwa kiasi cha sehemu 4 kati ya 10 za uzito unaozikandamiza. Magotini, mama ana kilo 53, kwa hiyo nyayo zinaweza kuhimili msukumo wa kama kilo 21. Mkondo wa mita mbili kwa sekunde unamsukuma kwa 20. Yuko ukingoni kabisa. Sasa avuke mahali pa kiunoni, kina cha mita 0.9 hivi, penye mkondo wa mita moja tu kwa sekunde, maji yanayoonekana kutulia. Uzito unaokandamiza mawe ni kilo 30. Nyayo zinahimili 12. Lakini eneo la mwili linaloukinga mkondo sasa ni robo ya mita ya mraba, na msukumo ni kilo 12 na nusu. Ameshateleza.

Kumbe basi kuna maji mafupi yenye haraka na maji marefu yenye upole, na yote mawili yamemfikisha mama kwenye ukingo uleule. Zidisha kina kwa mwendo uone: 0.45 mara 2 ni 0.9. Tena 0.9 mara 1 ni 0.9. Jibu ni moja! Yeyote atakayeifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi kwenye meza ya jikoni atajionea jinsi namba mbili zisizofanana zinavyokutana mahali pamoja.

Watu wa Australia, nchi yenye mafuriko mengi, waliifanya namba hii kuwa kipimo rasmi. Katika mwongozo wa mwaka 2010, kwa kutegemea majaribio ya watu halisi waliosimamishwa kwenye mifereji ya maabara, walipendekeza kwamba kwa mtu mzima zao la kina na mwendo lisizidi 0.6, na kwa mtoto lisizidi 0.4, tena kina kwa mtoto kisizidi nusu mita. Mtoto ni nani? Hapo hawakuangalia umri. Walizidisha urefu wa mtu kwa mita na uzito wake kwa kilo. Zaidi ya 50 ni mtu mzima. Kati ya 25 na 50 ni mtoto. Chini ya 25, yaani wadogo wa chekechea, hakuna maji yanayotembea waliyoyahesabu kuwa salama kwao bila kushikwa.

Kuna jambo la lugha ambalo haliwezi kupita hivihivi. Kani ambayo kimiminika kinachotembea hukisukumia kitu kilichosimama haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Tafsiri inayokuja haraka ni "kani buruta", kwa kufuata lugha za kigeni. Lakini kuburuta ni kazi ya aliye mbele anayevuta kilicho nyuma yake, kama mtoto na gari la makopo. Mto hausimami mbele ya mtu na kamba. Unamjia kutoka juu na kumsukuma. Waandishi wa habari, bila kuulizwa na mtu wa fizikia, wanalo neno tayari: amesombwa na maji. Kusomba ni kazi ya wachukuzi, kubeba vingi kutoka hapa kwenda pale kwa kurudia na kurudia. Watu husomba mchanga, husomba matofali. Mto nao husomba vivyo hivyo, mchana na usiku. Basi iitwe "kani somba". Litatokea pingamizi kwamba kusombwa ni kwa yule aliyekwisha kuondoka, na kani hii ipo hata kwa aliyesimama imara. Pingamizi hilo lina uzito, lakini mchukuzi ni mchukuzi hata kabla mzigo haujaondoka sakafuni. Kani somba.

Tena neno hilo linatupa zawadi nyingine, kwa kuwa kinachosombwa zaidi na mito ya Meru ni mawe. Mgeni wa korongo hukuta jiwe kubwa kama Toyota Noah limekaa katikati ya kijito ambacho kuku angekivuka, akajiuliza nani alilileta. Hesabu ilifanywa tangu karne ya 19. Uzito wa jiwe hukua kwa mchemraba wa upana wake, lakini kani somba hukua kwa mraba wa upana na mraba wa mwendo. Ukizipanga pande mbili za mlinganyo, unapata kwamba upana wa jiwe ambalo mto unaweza kulihamisha hukua kwa mraba wa mwendo, na uzito wake hukua kwa kipeo cha sita. Kipeo cha sita! Mwendo ukiongezeka mara mbili, mto unahamisha jiwe zito mara 64. Ukiongezeka mara tatu, mara 729. Kijito kinachoviringisha kokoto ya nusu kilo leo, kikija kwa mwendo mara tatu kinaviringisha jiwe la zaidi ya kilo 360. Lile jiwe la ukubwa wa Noah ni kumbukumbu ya siku moja ambayo korongo lilikuwa na maji mengine kabisa.

Turudi kwa familia. Kupima kina na mwendo hakuhitaji maabara. Fimbo yenye alama ya sentimita 40 na 60 inatosha kwa kina, na hiyohiyo ndiyo mguu wa tatu wa mvukaji. Kwa mwendo, pima kwa hatua mita nne kando ya mto, dondosha jani kavu majini, hesabu sekunde. Likifika kwa sekunde nne, mwendo ni mita moja kwa sekunde. Zidisha. Watoto huipenda kazi hii kuliko kuburutwa mkono, na wa darasa la tatu anaiweza kabisa. Jani la juu hukimbia haraka kidogo kuliko maji ya chini, na mawe hayako sawa kila mahali, lakini kipimo kinafaa.

Kuna ujanja mwingine ambao vijana wa Napuru na wa Engare Sero huutumia bila kuuita fizikia. Mwenye mwili mkubwa husimama upande wa juu wa mkondo, mtoto akaja mara moja nyuma yake upande wa chini, wakashikana, wakavuka kwa hatua fupi za ubavu. Mtu mkubwa akiupasua mkondo, nyuma yake hubaki eneo ambalo maji yamepungua mwendo, yakizunguka badala ya kusukuma. Na kwa kuwa msukumo hufuata mraba, mtoto aliyesimama kwenye maji ya nusu mwendo anapata robo tu ya kani. Huko New Zealand, ambako katika karne ya 19 watu wengi sana walikufa mitoni hata kuzama kukaitwa kifo cha New Zealand, wapanda milima hufundishwa ujanja wa aina hii hadi leo.

Begi liwe limelegezwa mikanda, ili likishika maji livuliwe. Begi zito mgongoni ni maboksi yaliyopangwa juu ya kabati, na kila mhamishaji anajua kabati lenye maboksi juu hupinduka upesi. Kandambili zibaki garini. Katambuga zilizofungwa vizuri au raba kuukuu zinafaa. Mtoto asifungwe kamba kiunoni kwa kisingizio cha usalama, maana kamba ikikaza, mkondo humzamisha badala ya kumwachilia aelee. Maji ya kunywa yatoke nyumbani: mito ya Meru ina floridi nyingi, baadhi yake kupita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru ni ushahidi tosha.

Yote hayo ni kwa mto uliotulia. Hesabu za jani na fimbo hazina maana siku mlimani kunaponyesha huku korongo likiwa kwenye jua. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, watu saba wakiwemo waliokuja matembezi ya familia na kijana mwongozaji walikufa baada ya maji kuja kwa ghafla. Mwaka 2012 korongo hilohilo lilikuwa limechukua vijana saba wa kanisa. Agosti 1997, watalii 11 walikufa kwenye Antelope Canyon, jimbo la Arizona, Marekani, mahali pa jangwa, kwa mvua iliyonyesha maili nyingi kutoka walipokuwa. Na Aprili 2024, ndani ya jiji la Arusha lenyewe, gari la wanafunzi lilisombwa kwenye korongo na watoto wakapoteza maisha.

Sababu ya korongo kuwa mtego ni fupi kueleza. Maji yanayoshuka yakikuta kuta nyembamba hayana pa kutanuka, kwa hiyo yanaongeza kina na mwendo kwa pamoja, na zao letu linapanda kwa pande zote mbili kwa mara moja. Kijito cha zao la 0.2 kinaweza kufika 3 katika dakika chache. Maji yaliyokuwa meupe yakibadilika kuwa ya udongo, majani na vijiti vikianza kuelea, au mngurumo ukisikika kutoka juu, familia isitafute kivuko wala viatu. Ipande juu, upande wowote ule iliposimama.

Sasa mama wa Njiro. Mwanao wa miaka minane, kwa uzito wa kilo 25 na urefu wa mita 1.25 ulioutaja, ana namba 31: ni mtoto, na kikomo chake ni 0.4. Maji unayoyaita ya magotini yalikuwa ya magoti yako wewe, sentimita 45. Yeye yalimfika katikati ya mapaja. Unasema mkondo ulikuwa unakwenda kama mtu anayetembea. Zao lake ni 0.45.

Kijana alifanya sawasawa. Mkirudi Napuru, mpeni mtoto kazi ya jani na fimbo, na kabla ya kushuka korongoni muulizeni kijana huyo kama jana usiku mlimani kulinyesha.